Nguo za Amri, Nguo za Hiari

Kijana wa Kilwa ya Haut-Katanga anayepita Lubumbashi kwenda kusoma Ufaransa hufika huko na picha ambayo imemkaa kichwani tangu utotoni: Paris ni suti, kiatu kinachong'aa na manukato. Picha hiyo ina wajenzi wake. Mwanamuziki Papa Wemba aliitangaza Sape, ule utamaduni wa Kikongo wa kuvaa kwa unadhifu, kila alikopanda jukwaani, mpaka alipofia jukwaani Abidjan tarehe 24 Aprili 2016, na ndugu waliorudi kutoka Ulaya waliingia mtaani na majina ya mabingwa wa ushonaji yakiwa yameshonwa ndani ya kola. Lakini asubuhi ya siku ya kazi, kwenye ngazi za metro, mgeni hukutana na makoti meusi, jeans, fulana za mistari ya buluu na raba nyeupe zilizovaliwa hata na suruali ya ofisini. Rahisi kudhani kwamba watu hawa wamechoka kujipamba. Mimi naona jambo jingine. Mavazi mengi ya kawaida ya mitaa ile yalianza kwa amri: ama mtu alilazimishwa kuyavaa, ama alikatazwa. Yakawa mtindo siku yalipovaliwa kwa hiari.

Tazama ile fulana ya mistari, ambayo wageni wengi huichukua kuwa sura yenyewe ya Ufaransa. Amri ya jeshi la majini ya tarehe 27 Machi 1858 ilipanga hata hesabu ya mistari yake: myeupe 21, kila mmoja ukiwa na upana mara mbili ya ule wa buluu. Baharia hakuulizwa kama anaipenda. Baadaye mbunifu wa mavazi Coco Chanel aliichukua kutoka kwa watu wa bahari akaiingiza katika mavazi ya wanawake wenye fedha, na miaka mingi baada yake mbunifu mwenzake Jean Paul Gaultier akaifanya alama yake mwenyewe. Koti la mvua lenye mkanda kiunoni lilikuwa la maofisa wa Uingereza katika mahandaki ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Jeans zilikuwa za vibarua na wachimba madini wa Marekani.

Ushahidi mzito kuliko yote ni suruali ya mwanamke. Mwezi Novemba 1800 mkuu wa polisi wa Paris alitoa agizo kwamba mwanamke anayetaka kuvaa kama mwanamume aombe kwanza kibali cha polisi. Agizo hilo lililegezwa mwaka 1892 na 1909, na kulegezwa kwenyewe kulikuwa kwa namna ya ajabu: mwanamke aliruhusiwa suruali akiwa ameshika usukani wa baiskeli au hatamu za farasi. Serikali ilitamka rasmi kwamba agizo halina nguvu tarehe 31 Januari 2013. Kwa miaka mingi kabla ya hapo hakuna aliyelitekeleza, kwa sababu wanawake walikuwa wamekwisha kulishinda barabarani. Mkongomani mwenye umri mkubwa hawezi kuyashangaa haya. Rais Mobutu naye, kwa jina la kurudi kwenye asili, alipiga marufuku suti na tai tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, akawavika wanaume abacost, koti lisilovaliwa na tai, na akawakataza wanawake suruali na mawigi. Tai ilirudi shingoni mwaka 1990. Kikwembe, ambacho mwanamke alisukumwa kukivaa kwa amri, hakikuachwa amri ilipoondoka. Wanawake wanakivaa hadi leo kwa sababu wanakipenda, na huo ndio mtindo.

Hapo sapeur, mfuasi wa Sape, anaweza kusimama kunipinga: kama Paris ni jeans na raba, sisi tulijifunza wapi unadhifu wetu? Jibu lake liko katika historia yake mwenyewe. Wanahistoria huanzia kwa maboi wa enzi ya ukoloni, wa Brazzaville na Léopoldville, ambao baadhi yao walilipwa kwa nguo kuukuu za mabwana zao na wakazivaa vizuri kuliko mabwana hao. Baadaye, chini ya Mobutu, kuvaa suti ya Ulaya mjini Kinshasa kulikuwa kukaidi amri. Sapeur amefanya alichofanya Mfaransa, amegeuza nguo ya kupewa na nguo ya kukatazwa kuwa yake. Paris ilimuuzia kitambaa na kiatu. Unadhifu ni kazi ya mikono yake, na anayesema kauiga anamnyang'anya haki yake.

Pingamizi gumu zaidi linahusu koti la buluu, lile la pamba nzito lenye mifuko mitatu, ambalo Wafaransa huliita bleu de travail. Lilikuwa la mafundi wa karakana na wakulima. Siku hizi utaliona mgongoni mwa mwanafunzi, mchoraji au mwenye mkahawa, na likipauka linapendwa zaidi. Katika Haut-Katanga, mkoa uliolelewa na kampuni ya madini ya Union Minière tangu 1906 na kisha na Gécamines, vazi la kazi halina ladha hiyo. Lina vumbi la machimbo, lina jasho, na kwa familia nyingi lina kumbukumbu ya mishahara iliyokoma kulipwa. Mtu anaweza kuuliza kwa haki: kuna uzuri gani katika mwenye nafasi kuvaa taabu ya mwenzake? Nakubali kwamba wako wanaolivaa bila kujua lilitoka kwa nani, na hilo linaniudhi. Hata hivyo aibu haitoki katika koti. Inatoka katika kutokuwa na la kuchagua. Mtoto wa mchimba madini anayelivaa koti la baba yake kwa sababu linamkaa vizuri, na kwa sababu anajua lilisomesha nani, amelipa heshima ambayo hakuna kampuni iliyolipa.

Na nguo hizo mwanafunzi wa Paris huzipata wapi? Mara nyingi katika maduka ya mitumba, mengine yakiuza kwa kilo, kama ambavyo watu huku kwetu hupekua balo. Ng'ambo ya ziwa Mweru, upande wa Zambia, mitumba huitwa salaula, neno la Kibemba la kuchagua kwa kupekua rundo. Mwaka 2023 Ufaransa ilianza hata kulipia sehemu ya gharama za kukarabati nguo na viatu, ili watu wasivitupe. Kuziba tundu, kubadilisha zipu, kushona mshono uliofumuka: kazi hizo fundi wa Kilwa anazifanya kila siku.

Kwa hiyo, wewe unayefunga sanduku kwenda Lyon au Paris, nunua koti zito la baridi, maana baridi ile haina mzaha. Mengine usiharakishe. Pitia kwanza kabati la nyumbani, na kama koti la kazi la babu bado lipo, lipeleke kwa fundi alikate likukae mabegani, kisha uondoke nalo.