Goma: Ujumbe wa simu ukichelewa Lac Vert, nani alitangulia?

Saa inayoonekana kwenye ujumbe wa simu haitoshi kujua jambo gani lilitangulia, wala lipi lilileta lingine. Kwa wakaaji wa mtaa wa Lac Vert, magharibi mwa mji wa Goma, hilo si somo la chuo kikuu tu.

Tarehe 3 Mei 2024, mabomu yaliangukia kambi za wakimbizi wa ndani za Lac Vert na Mugunga. Watu walikufa, wakiwemo watoto. Siku kama hiyo, ndugu aliye Bukavu ao Kinshasa anangojea maneno mawili: "Tuko wazima." Lakini rezo ikikatika, ujumbe ulioandikwa kabla ya bomu unaweza kufika nyuma yake. Kufika kwake peke yake si ushahidi kwamba aliyeutuma amepona.

Kompyuta zinazofanya kazi pamoja zikiwa mbalimbali zina shida ileile. Mwaka 1978, mtaalamu Mmarekani Leslie Lamport alichapisha makala iliyoonyesha njia ya kupanga matukio bila kutegemea saa ya ukutani.

Sheria tatu

Ya kwanza: katika simu moja, jambo lililofanywa mbele linatangulia linalofuata. Ya pili: kutuma ujumbe kunatangulia kuupokea. Ya tatu: jambo la kwanza likitangulia la pili, na la pili likitangulia la tatu, basi la kwanza linatangulia la tatu. Ikiwa hakuna njia ya aina hiyo kutoka jambo moja hadi lingine, mambo hayo yanaitwa ya sambamba: hakuna lililoweza kuleta lingine, hata kama saa zao hazilingani.

Tuseme kijana wa Kinshasa anamwandikia mama yake wa Lac Vert: "Mama, usitoe ile feza." Ametuma dakika 5 baada ya saa tatu asubuhi, saa ya Goma. Mama anatoa feza dakika ya 20. Ujumbe unaingia kwenye simu yake dakika ya 40. Kijana akitazama saa peke yake, atasema mama amekataa kumsikiliza. Lakini katazo lilikuwa bado njiani. Kutuma ujumbe na kutoa feza ni mambo ya sambamba, na mama hana kosa.

Kesi kama hizo zina uzito Goma. Mwisho wa Januari 2025, M23 ilipoingia mjini, umeme na intaneti vilikatika. Benki zilifungwa, na wakaaji wengi wakabaki kutegemea feza za kwenye simu.

Kuhesabu pahali pa saa

Lamport alipendekeza kila kompyuta ihesabu matukio yake na kuandika namba hiyo kwenye kila ujumbe. Anayepokea anaruka juu ya namba aliyoletewa. Hivyo chanzo kina namba ndogo kuliko matokeo yake daima. Lakini namba ndogo peke yake haithibitishi chanzo. Mwisho wa miaka ya 1980, Colin Fidge na Friedemann Mattern, kila mmoja kivyake, walionyesha kwamba ujumbe ukibeba hesabu ya kila kompyuta, mambo ya sambamba yanatambulika.

Katika familia, ulizo moja linatosha kabla ya kulaumu: "Wakati ulipofanya hivyo, ujumbe wangu ulikuwa umekwisha kukufikia?"