Kasha la Emali na kazi ya mhifadhi nyaraka

Aliyepanda basi la Mombasa kwenda Nairobi anaijua Emali, ule mji wa Makueni ambapo njia ya Oloitokitok inachepuka kushoto. Wengi wetu hushuka hapo tukanunua maji, tukatafuta msikiti, tukaswali, safari ikaendelea. Mwaka jana mimi nililala huko siku tatu. Ami yangu, aliyeuza chai na mahamri karibu na reli kwa zaidi ya miaka thelathini, alikuwa amefariki, na jamaa walinituma nikafunge chumba chake.

Nilichokikuta cha maana ni kasha la bati lililojaa karatasi. Jirani yake, kijana wa Kikamba anayesomesha historia katika shule ya sekondari, alikuwa amelihamishia kwake baada ya kuona watu wanachomoa karatasi za juu kuwashia jiko. Alinipa pole ya msiba, kisha akasema: "Mzee, tafadhali usizichanganye. Hivyo zilivyo ndivyo alivyozipanga mwenyewe."

Nilidhani ni ushamba wa mtu anayependa vitabu. Leo nataka nikueleze, msomaji wangu, kwa nini nilikosea.

Kazi aliyokuwa akiifanya kijana yule ina pande tatu. Ya kwanza ni uhifadhi wa nyaraka: kupokea karatasi, kujua zimetoka kwa nani, kuziorodhesha na kuzilinda na maji, mchwa na mikono yetu. Ya pili ni kuwarudishia watu historia yao kwa lugha wanayoielewa, kwenye makumbusho, redioni au barazani, badala ya kuiacha imefungiwa chuo kikuu. Ya tatu ni kusomesha, kwa sababu nyaraka zisizo na wanaoweza kuzisoma ni sawa na kisima kisicho na kamba.

Msidhani kazi hii imeletwa na wageni. Mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, yangepotea na wazee waliokuwa wakiyajua kwa moyo. Aliyeyakusanya Mombasa ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah, naye ndiye aliyemfunulia maana yake mmishenari W. E. Taylor. Karatasi za Taylor leo ziko London, na watafiti wanazitegemea mpaka sasa.

Karibu zaidi nasi ni Sheikh Ahmed Sheikh Nabhany wa Lamu, aliyezaliwa mwaka 1927 na kufariki mwaka 2017. Hakuwa na shahada ya chuo kikuu, lakini maprofesa wa Ulaya walikuja kukaa mbele yake kama wanafunzi. Alikusanya miswada ya khati za Kiarabu. Alipoona majina ya sehemu za jahazi yanasahaulika, aliyatunga katika utenzi wa Sambo ya Kiwandeo, uliochapishwa mwaka 1979. Na kila ukisema runinga, unatumia neno lake. Huyo alikuwa mhifadhi, mwanahistoria na mwalimu katika kanzu moja.

Serikali nayo ina hifadhi yake. Nyaraka za Taifa zilianzishwa kwa sheria mwaka 1965, na makao yake ni jengo lililokuwa benki pale Moi Avenue, Nairobi. Kwa kawaida nyaraka za serikali zilizotimiza miaka 30 hufunguliwa, na raia yeyote ana haki ya kuomba kuzisoma. Anayetaka kuifanya kazi hii kwa cheti, Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret kinafundisha taaluma ya nyaraka na kumbukumbu.

Je, karatasi kuukuu zina nguvu gani? Mwaka 2011 serikali ya Uingereza ilikiri kuwa inashikilia takriban majalada 1,500 yaliyoondolewa Kenya wakati wa uhuru. Wazee walioteswa wakati wa Mau Mau walikuwa wamekwenda mahakamani London, na wanahistoria wakatoa ushahidi wao. Mwaka 2013 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228. Neno la mzee lilikuwa limepuuzwa miaka hamsini, mpaka karatasi ikaliunga mkono.

Nasi wa Mwambao tunalijua hilo kwa uchungu. Sheria ya ardhi ya mwaka 1908 iliwataka watu wa ukanda wa pwani wapeleke madai ya mashamba yao. Ardhi ambayo haikudaiwa ilihesabiwa kuwa ya serikali ya kikoloni. Wengi walikuwa na minazi na makaburi ya wazee wao, lakini hawakuwa na karatasi.

Sasa nirudi kwenye kasha. Ndani yake mlikuwa na hati ya shamba tunalogombania kwetu, na binamu zangu walikuwa wakinipigia simu kila saa: niilete hiyo tu, mengine niyaache. Lakini hati ilikuwa imefungwa kwa uzi pamoja na barua ya khati za Kiarabu. Ningezitenganisha, barua ingebaki Emali. Nilizibeba zote. Shangazi yetu mkubwa, ndiye peke yake kwetu anayeisoma khati ile, akavaa miwani na kutusomea. Babu alikuwa ameliweka shamba lile wakfu, mapato yake yaende msikitini.

Wakfu hauuzwi wala haurithiwi. Mnunuzi alikuwa tayari. Sitawaficha, usiku ule niliitazama barua na kufikiri kwamba shangazi ni mzee, na kiberiti kiko jikoni. Namshukuru Mwenyezi Mungu asubuhi ilifika. Shamba halikuuzwa, na binamu wawili hawasemi nami mpaka leo.

Hapo nilielewa maneno ya yule mwalimu. Hati peke yake ingesema shamba ni letu. Hati na barua, kwa mpango aliouacha marehemu, zilisema kweli.

Basi fungueni makasha yenu. Msizibandike karatasi kwa gundi ya utepe wala kuzifunika kwa plastiki ya moto. Andikeni nambari kwa penseli, si kwa kalamu ya wino. Zipigeni picha, muandike zilitoka kwa nani na zilikaa wapi. Zitieni kwenye bahasha kavu, mbali na sakafu. Na kabla ya yote, mtafuteni mzee anayeisoma khati na mumkalishe na kijana mmoja wa nyumbani ajifunze. Kwetu amebaki shangazi peke yake, na binti yangu ameanza kwenda kwake kila Jumamosi.