Mzee Akipoa, Usiseme Ni Uzee

Babu amepoa. Chakula anakidonoa tu, usingizi wake wa mang'amung'amu, na baraza aliyoipenda haendi tena. Ukimuuliza, atasema hana neno, amechoka tu. Nyumba nyingi hulipitisha jambo hili kwa kusema ni uzee. Hapana. Hizo zaweza kuwa dalili za sonona isiyo kali, na kwa baadhi ya wazee, sehemu ya chanzo chake imo katika kinga ya mwili.

Mwiba ukikuchoma, kidole huvimba, huwa chekundu, hupata joto na kuuma. Huo ndio mchochota, kazi ya seli za kinga zinapopambana na vijidudu na kuponya jeraha. Kazi ikiisha, hutulia. Lakini umri ukisogea, mchochota hafifu huweza kubaki mwili mzima bila homa wala uvimbe, kama moto wa makumbi usio na mwali. Mwaka 2000, mwanasayansi wa Italia Claudio Franceschi na wenzake waliieleza hali hii kuwa sehemu ya kuzeeka kwenyewe. Huchochewa na seli zilizochakaa ambazo hazikuondolewa, mafuta ya tumboni, sigara, ugonjwa wa fizi na maradhi sugu kama kisukari.

Huzuni inaingiaje hapo? Seli za kinga hupashana habari kwa protini ziitwazo saitokaini. Habari hizo huufikia ubongo kwa njia ya damu na neva, nao ubongo huitikia kwa namna anayoijua kila aliyewahi kuugua malaria: unajikunyata, hutaki chakula wala mazungumzo. Kwa siku chache hali hiyo huusaidia mwili kutunza nguvu za kupambana na ugonjwa. Ikidumu miezi, hufanana sana na sonona.

Ushahidi mzito ulitoka wodini. Wagonjwa wa homa ya ini aina ya C na wa saratani ya ngozi waliotibiwa kwa interferoni-alfa, ambayo yenyewe ni saitokaini, wengi walipata sonona katika wiki au miezi ya matibabu. Hata hivyo, si kila sonona ina mchochota ndani yake. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2013 uliwapa infliksimabu, dawa ya kuzuia saitokaini mojawapo, watu wenye sonona iliyogoma kutibika. Kwa jumla haikushinda dawa bandia, yaani ile isiyo na kiambato cha tiba inayotumiwa kulinganisha. Waliojitokeza kunufaika ni wale ambao vipimo vya damu vilionyesha mchochota mwingi tangu mwanzo.

Tena uhusiano huu huenda pande mbili. Mwenye sonona hulala vibaya, hukaa kutwa bila kujinyoosha, pengine huvuta sigara, na hayo yote huzidisha mchochota.

Basi nakusihi usikimbilie duka la dawa kumnunulia mzee diklofenaki, dawa ya kutuliza mchochota, ukidhani itamchangamsha. Dawa za aina hiyo huweza kumtoboa tumbo, kumharibu figo na kumpandisha shinikizo la damu. Hata aspirini imejaribiwa: katika utafiti mkubwa wa Australia na Marekani, wazee zaidi ya 19,000 walipewa miligramu 100 kila siku au dawa bandia. Aspirini haikuwakinga na sonona, bali iliongeza hatari ya kuvuja damu.

Njia iliyo salama ni kutafuta kinachouchochea mwili. Apimwe sukari, shinikizo, wingi wa damu na tezi ya shingo. Meno na fizi zitazamwe, na kidonda cha mguu kisichopona kitibiwe. Dawa anazokunywa zipitiwe moja moja. Atembee kila siku kwa kadiri ya nguvu zake, apate usingizi, aketi na watu. Sonona yenyewe nayo ina tiba, ya mazungumzo na ya dawa, na hupimika: yapo maswali 15 ya ndiyo au hapana yaliyotungwa kwa ajili ya wazee, yanayomalizika kwa dakika chache. Akitamka kwamba heri afe, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

Wazee wetu wamefundishwa kuvumilia, na wengi watalitaja goti kabla ya kuutaja moyo. Kwa hiyo mzee anayeletwa kliniki kwa maumivu aulizwe habari ya furaha yake, na anayeletwa kwa huzuni apimwe mwili wake wote.