Usicheze na ndevu za oti mwitu

Wahenga walinena kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Leo tungependa kuzungumzia kitu kidogo kuliko mwiba, ambacho wengi wetu hukipita njiani bila kukitupia jicho: punje ya nyasi iitwayo oti mwitu. Ukielewa jinsi punje hiyo ilivyoumbwa, utaelewa pia kwa nini daktari hukukataza kuichokoa au kuimwagia maji inapoingia sikioni au puani mwa mtoto.

Ni nyasi ya namna gani?

Wataalamu wa mimea huiita Avena fatua, jina ililopewa na Linnaeus wa Uswidi mnamo 1753. Neno fatua ni la Kilatini na maana yake ni pumbavu au kisicho na ladha. Hata hivyo, nyasi hii ni jamaa wa karibu wa oti tunayopikia uji, na mbili hizi huweza hata kuzaana. Hapa Kenya, wakulima wa ngano na shayiri katika sehemu za Narok, Timau na Uasin Gishu wanaijua vyema kwa kuwa ni gugu sugu.

Ikiwa changa hufanana mno na ngano. Ukitaka kuitambua, chunguza mahali jani linapoachana na bua. Ngano ina vijisikio viwili vinavyolikumbatia bua, ilhali oti mwitu haina vijisikio bali ina utando mwembamba mweupe. Ikikomaa, aghalabu huipita ngano kwa urefu, na suke lake halikushikamana bali limetawanyika na kuning'inia. Kila kishuke huwa na punje mbili au tatu ndani ya maganda mawili makavu kama karatasi.

Oti ya shambani hushikilia punje zake mpaka mkulima aje kuvuna, kwani ndivyo binadamu alivyoichagua kwa karne nyingi. Oti mwitu haingoji mtu. Hudondosha punje zake moja moja zikishakomaa, mara nyingi kabla ya ngano kuvunwa, na punje hizo huweza kulala udongoni kwa miaka kadhaa kabla ya kuota.

Ndevu zinazotembea

Maajabu ya mmea huu yamo katika ndevu zake. Kila punje ina udevu mgumu wenye urefu wa sentimita 3 hadi 4, uliopindika katikati kama goti. Sehemu ya chini ya goti imesokotwa kama kamba, nayo ya juu imenyooka. Umande ukiulowesha udevu huo, sehemu iliyosokotwa hujifungua; jua likiukausha, hujisokota tena. Kila mara sehemu ya juu huzunguka kama mshale wa saa, hugonga vijiti na madonge ya udongo, na kuisukuma punje mbele. Siku baada ya siku, punje hujichimbia ardhini yenyewe bila mdudu wala jembe.

Je, kwa nini isirudi nyuma? Ni kwa sababu kwenye kitako chake mna vinyweleo vigumu vilivyoelekea nyuma, mfano wa ndoana. Punje ikishapenya kidogo, vinyweleo hivyo huizuia kurudi ilikotoka.

Jambo hili si geni kwa wanasayansi. Mwaka wa 1665, Mwingereza Robert Hooke alieleza katika kitabu chake, Micrographia, jinsi alivyotumia udevu wa oti mwitu kutengeneza chombo cha kupimia unyevu wa hewa.

Huenda ukasema kwamba wewe ni mtu wa mjini na huna shamba la ngano. Lakini oti mwitu si pekee yake yenye silaha hii. Themeda, ile nyasi nyekundu inayopatikana kwa wingi katika Mbuga ya Wanyama ya Nairobi na nyanda za Athi, pia ina ndevu za kujisokota. Isitoshe, watoto wa mjini huenda mashambani wakati wa likizo, wakacheza nyasini na kutia mabua mdomoni.

Ikiingia mwilini

Mwili wa binadamu una unyevu na hautulii. Kwa hivyo punje iliyoumbwa kusonga mbele tu hupata humo njia nyingi za kusonga. Yafuatayo ni mambo ambayo kila mzazi anafaa kuyajua.

Sikio: Usimwagie maji sikio lenye punje au kipande cha nyasi. Vitu vya mimea hufura vikilowa, vikakwama zaidi. Usitumie kijiti cha pamba, njiti ya kiberiti wala pini ya nywele, kwani utaisukuma punje hadi kwenye kiwambo cha sikio. Mpeleke mtoto kwa daktari, ambaye ana taa na vifaa vya kuitoa.

Pua: Mtoto akitokwa na kamasi yenye harufu mbaya kutoka tundu moja tu la pua, usidhani ni mafua. Mafua kwa kawaida hushika matundu yote mawili. Dalili hiyo hutufanya sisi madaktari tushuku kwamba kuna kitu kilichokwama.

Jicho: Usilisugue. Osha kwa maji safi yanayotiririka. Ikiwa punje imedungika, usiing'oe. Funika jicho bila kulibana na uende hospitalini. Hata ikiwa imetoka, jicho likiendelea kuuma, kuwa jekundu au kuogopa mwanga, mwone daktari siku hiyo hiyo. Mikwaruzo ya mimea huweza kuingiza kuvu kwenye kioo cha jicho, na maradhi hayo huweza kupofusha. Usinunue kiholela matone yenye steroidi katika duka la dawa, kwa kuwa huipa kuvu nafasi ya kuenea. Maziwa ya mama na dawa za majani pia si tiba ya jicho.

Mapafu: Hili hutokea kwa nadra, lakini ndilo la hatari zaidi. Mtoto anayekimbia akiwa na suke mdomoni huweza kulivuta ndani pamoja na pumzi. Hupaliwa, akakohoa sana, kisha hutulia, na wazazi wakadhani mambo yamekwisha. Kumbe suke limo katika mirija ya mapafu, na kila anapokohoa vinyweleo huliruhusu kwenda ndani tu. Baada ya siku au majuma, huanza homa na kikohozi kisichosikia dawa, au nimonia inayorudi pahali pale pale. Picha ya eksirei huenda isilionyeshe, kwa kuwa miale hupita kwenye mimea. Daktari hulazimika kuchungulia kwa mrija mwembamba wenye taa.

Kwa sababu hiyo, ukimpeleka mtoto mwenye kikohozi kisichokwisha kwa daktari, mweleze kama aliwahi kupaliwa akicheza nyasini, hata kama ni mwezi uliopita. Sentensi hiyo moja huweza kufupisha safari ndefu ya dawa zisizofaa. Na mtoto akipaliwa asiweze kukohoa, kulia wala kupumua, mwinamishe, umpige kwa kiganja kati ya mabega mara 5, huku msaada ukitafutwa upesi.

Kinga

Wakataze watoto kutafuna au kupuliza masuke ya nyasi. Wakirudi kutoka nyasini, kagua soksi, nywele na nguo zao kabla hawajalala. Ukifuga mbwa, mkague masikio na katikati ya vidole vya miguu, maana huko ndiko punje za nyasi hupenda kujichimbia. Fyeka nyasi za uani kabla hazijatoa masuke.

Punje ya oti mwitu haina sumu wala haina nia mbaya. Kazi yake ni kutafuta udongo, na haina uwezo wa kutofautisha udongo na sikio la mtoto. Ni juu yako wewe mzazi kuiwekea mpaka.