Anime zinazoliza watu: juu ya nini hadithi za Japani zinagusa Kasongo na Kabambare

Jioni, Kasongo ao Kabambare, si vigumu kukuta vijana watano ao sita wameinama juu ya simu moja. Si mechi, wala si muziki. Wanaangalia anime, ni kusema filme za michoro kutoka Japani, zilizowekwa sauti ya Kifaransa. Filme imetoka kwenye flashi ya mtu mwingine, betri imejazwa kwa paneli ya sola ao kwa grupe ya jirani. Aliyesoma kidogo anawatafsiria wengine kwa Kiswahili. Mara nyingine, mwishoni mwa epizodi, kimya kinaingia. Mmoja anapangusa macho na kusema ni moshi.

Watu wakubwa wanaopita wanacheka: kijana mzima analilia michoro! Lakini swali lao si baya. Mtu wa karatasi hana damu, hakuzaliwa na hakufa. Juu ya nini basi analiliwa? Jibu liko kwanza katika ufundi, kisha katika historia ya Japani, na mwisho katika maisha ya Maniema kusini.

Umaskini uliogeuka ufundi

Tarehe 1 Januari 1963, televisheni ya Japani ilianza kuonyesha Tetsuwan Atom, seri ya Osamu Tezuka juu ya mtoto wa mashine. Filme ya sinema inapitisha picha 24 kila sekunde. Kuchora picha mpya nyingi namna hiyo kwa epizodi ya kila wiki kunaomba watu wengi na pesa nyingi, na studio ya Tezuka haikuwa na pesa hizo. Ikapunguza michoro. Picha moja ilikaa muda mrefu, mdomo tu ukacheza, ao macho yakafumba na kufumbua. Kazi iliyobaki ikaachiwa sauti za waigizaji na muziki.

Walioanza hivyo kwa kukosa pesa waligundua kitu. Uso uliosimama unampa mtazamaji nafasi ya kuweka mambo yake mwenyewe ndani. Osamu Dezaki, mwongozaji mmoja mkubwa wa anime, alijulikana kwa kusimamisha picha wakati wa uchungu na kuigeuza kuwa kama picha iliyochorwa kwa rangi za mkono. Hakuna anayekimbia wala anayepiga kelele, na hapo ndipo watu wanalia.

Muda wa kumzoea mtu

Jambo la pili ni urefu. Filme ya sinema inakwisha kwa saa mbili. Seri inakaa na mtu miezi. Candy, ile ya msichana yatima iliyotengenezwa kutoka 1976 mpaka 1979, ina epizodi 115. Rémi sans famille, ambayo Dezaki aliiongoza mwaka 1977 na 1978, ina epizodi 51. Ilitoka katika kitabu cha Mfaransa Hector Malot cha mwaka 1878.

Rémi ni mtoto aliyeokotwa. Mume wa mama aliyemlea anamtoa kwa pesa kwa mzee Vitalis, mwanamuziki anayezunguka vijijini na mbwa watatu na nyani mmoja. Mwanzoni mtazamaji anamchukia mzee. Epizodi zinapita. Mzee anamfundisha mtoto kusoma, kuimba, kusimama mbele ya watu bila haya. Kisha baridi inaanza kuua kundi, mmoja mmoja: mbwa wawili wanaliwa na mbwa-mwitu, nyani anakufa, na mwishoni Vitalis mwenyewe anakufa ndani ya theluji. Wakati huo mtazamaji anamjua Vitalis kuliko anavyomjua mjomba wake wa Kindu. Hamlilii mtu wa michoro. Analilia mtu aliyekaa naye.

Wapenzi wa anime wenyewe wanabishana hapo. Kuna wanaosema seri nzuri ni ile inayoua watu wengi. Wengine wanakataa, na wana haki: kifo cha mtu asiyejulikana hakilizi mtu yeyote. Seri mbaya inaua haraka na kupandisha muziki. Seri nzuri kwanza inaonyesha mtu akila, akicheka, akikasirika bure, na inamuacha mtazamaji amzoee. Hiyo ndiyo njia rahisi ya kuzipima: machozi yakikauka, je, unakumbuka jina la aliyekufa na kitu alichopenda?

Waliochora walikuwa watoto wa vita

Jambo la tatu ni historia. Mwaka 1945, miji mingi ya Japani iliunguzwa na mabomu ya ndege za Marekani. Isao Takahata alikuwa na miaka 9 wakati mji wa Okayama ulipoungua. Alikimbia na kupona. Keiji Nakazawa alikuwa na miaka 6 huko Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945, akapoteza baba, dada na mdogo wake; kuanzia 1973 alichora maisha hayo katika Gen d'Hiroshima. Na hata Kongo iko ndani ya hadithi hiyo: sehemu kubwa ya uraniamu iliyotumiwa na Marekani katika kazi ya kutengeneza bomu ile ilitoka Shinkolobwe, Katanga.

Mwaka 1988 Takahata alitoa filme ambayo watazamaji wengi wanaiweka juu ya zote kwa kuliza: Le Tombeau des lucioles, kaburi la vimulimuli. Ilitoka katika hadithi ya Akiyuki Nosaka, ambaye dada yake mdogo alikufa kwa njaa wakati wa vita. Si seri, lakini inafanya kazi ileile. Seita, kijana wa miaka 14, anakimbia moto wa Kobe akimbeba mgongoni dada yake Setsuko wa miaka 4. Mama amekufa. Wanapokelewa na shangazi, ndugu wa mbali. Siku za kwanza, vizuri. Kisha chakula kinapungua, maneno yanaanza, uji wa watoto wale unakuwa maji matupu. Seita anamchukua dada yake na kwenda kuishi naye peke yao katika shimo la kujificha mabomu. Filme haifichi mwisho wake: tangu dakika ya kwanza mtazamaji anajua kwamba Seita amekufa.

Hapa mabishano yanakuwa makali. Nani ana kosa? Wengine wanamlaumu shangazi. Wengine wanamlaumu Seita: angemeza maneno, angebaki, mtoto angekula hata kidogo. Takahata mwenyewe alikataa filme yake iitwe tu filme ya kupinga vita. Alitaka watu waone pia vijana wawili waliojitenga na wengine.

Katika teritware ya Kabambare, mabishano hayo si ya filme. Familia zilizokimbia mapigano ya jeshi na Mai-Mai Malaika karibu na Salamabila, ao zilizotoka upande wa Fizi, zinajua maana ya kupokelewa ndani ya nyumba ya mtu. Aliyepokea naye anajua. Sufuria ni ileile, midomo imeongezeka, na shamba liko mbali, mahali ambapo hakuna anayethubutu kwenda. Shangazi wa Seita si mwizi. Ni mama mwenye njaa anayehesabu vikombe vya mchele. Mtazamaji wa hapa anaweza kumuelewa yeye na kumlilia Setsuko kwa wakati mmoja, na pengine ndiye anayeiona filme vizuri zaidi.

Naruto na swali la kisasi

Wengi wanaanza na Naruto sababu ya kupigana. Seri ya kwanza, kutoka 2002 mpaka 2007, ina epizodi 220; ile iliyofuata, Shippuden, ina 500 na ilimalizika 2017. Lakini chini ya mapigano kuna watoto wa vita. Naruto mwenyewe ni yatima. Wazazi wake walikufa siku aliyozaliwa, na kijiji kizima kinamkimbia sababu ya mnyama mbaya aliyefungiwa ndani yake akiwa mchanga. Wazazi wanawakataza watoto wao kucheza naye. Anabebeshwa mambo ambayo hakuyafanya.

Mbele zaidi anatokea Nagato. Akiwa mtoto, inchi yake ndogo iligeuzwa uwanja wa vita na inchi kubwa, na wazazi wake waliuawa ndani ya nyumba na wapiganaji wa Konoha, kijiji cha Naruto. Anapokuwa mkubwa anamuua mwalimu wa Naruto, kisha anakuja kuangamiza Konoha. Anamuuliza Naruto swali gumu: ninyi mlilipiza mkaita haki, mimi nikilipiza nitaitwa nani? Naruto ana nafasi ya kumuua. Anachagua kumsikiliza.

Kwa kijana wa Kabambare aliyeona rafiki wa masomo akiingia porini na bunduki, kisha akirudi ao asirudi, epizodi hizo si mchezo. Seri haisemi kwamba kusamehe ni rahisi. Inaonyesha tu kwamba adui naye alikuwa mtoto, na alikuwa na mama.

Kama kwenye matanga

Kila mtu wa hapa amewahi kuona jambo hili. Mama anafika kwenye matanga ya jirani aliyemjua kidogo tu, na analia kuliko wenye kilio. Hakuna anayemcheka. Watu wanajua: analia wake. Kilio cha leo kimefungua kile kilichofungwa zamani, pengine kwa mtu aliyekufa njiani wakati wa kukimbia, bila matanga, bila hata kuzikwa vizuri. Wazee waliopita vita ya Mulele mwaka 1964 wanayo maiti ya namna hiyo moyoni. Waliopita vita za 1996 na 1998 wanayo. Vijana wa sasa wanayo yao.

Anime nzuri inafanya kazi hiyohiyo. Inamkopesha mtu maiti wa kulia, na chini ya jina la Setsuko ao Vitalis mtu anaweza kumlilia wake bila kuulizwa.

Ndiyo sababu wazazi wanapaswa kuangalia kinachoangaliwa. Le Tombeau des lucioles si ya mtoto mdogo, hata kama ni michoro, na mahali ambapo wadogo na wakubwa wanakaa mbele ya televisheni moja, kila mtu anaona yote. Mtoto aliyekimbia vita anaweza kushtuka kwa mlio wa ndege katika filme, ao kukosa usingizi usiku. Akionyesha hivyo, filme ifungwe, na mtu mkubwa akae naye.

Lakini kumcheka hakusaidii. Mtoto aliyechekwa mara moja hatalia tena mbele ya watu, na atakachokuwa nacho atabaki nacho peke yake. Kuna njia nyingine, na haiombi pesa. Kaa naye. Muulize ni nani amekufa katika filme. Ataeleza, kwa urefu, sababu wapenzi wa anime wanapenda kueleza. Msikilize mpaka mwisho, maana mara nyingine, akimaliza kumtaja mtu wa filme, anaanza kumtaja mtu mwingine.