Maji ya Mto Simiyu na Wenye Kuyagawa



Huenda mmoja wenu akauliza kwa nini kurasa za karafuu zinaleta khabari za Bariadi, nchi ya pamba na ng'ombe. Jawabu letu ni kuwa sheria ya kule imewawekea watu vyama vya namna ya hiki chetu, lakini vyao hugawa kitu kigumu zaidi kuliko karafuu, nacho ni maji.

Mkoa wa Simiyu ulikatwa kutoka Shinyanga mwaka 2012, na makao yake makuu ni Bariadi. Mvua za masika zikishakwisha, Mto Simiyu hupungua mpaka pengine ukabaki mchanga mtupu, na watu huchimba humo wapate maji ya ndoo. Hapo ndipo ugomvi huzuka. Mwenye bustani ya mboga ataka kumwagilia, mchungaji ataka kunywesha ng'ombe, na mama ataka dumu moja la kupikia. Tena mto haujui mipaka ya mikoa: huungana na Mto Duma, ukapita Magu katika Mkoa wa Mwanza, ukaingia Ziwa Victoria katika Ghuba ya Speke. Wa juu akiziba, wa chini atakosa.

Kwa sababu hiyo Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imefuata mabonde, ambayo Tanzania Bara ni 9, na mto huu uko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria. Chini ya Bodi sheria imeweka Jumuiya za Watumia Maji, ambazo huundwa kwa kukubaliana wengi wa wale wanaotumia chanzo kimoja. Jumuiya hugawa maji na kuyahifadhi, husuluhisha wagombanao, hushika kibali kwa niaba ya wote, na huikusanyia Bodi ada. Chama chenye kukusanya fedha za mwingine hapana budi kitoe risiti, na daftari lisomwe mkutanoni. Sote twajua maneno yanayozuka mzani ukitiliwa shaka!

Lakini sisi twaona kuwa ugumu hasa ni kujua nani akae kamatini. Mkulima hakai mbali na shamba lake, kumwita ni rahisi. Mfugaji huhama kiangazi akifuata malisho. Mkutano ukiitishwa mwezi wa Agosti, zamu za maji zitapangwa bila yake, naye akirudi hatajiona amefungwa na neno ambalo hakulisema. Wanawake nao, ambao ndio watekaji, wakiwekwa kamatini kwa kujaza idadi tu, kisima kitahukumiwa na watu wasiokijua.

Kisha kuna mita 60. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu za watu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na hapo penye unyevu ndipo mboga zinapostawi. Atakayemwambia mwenye bustani ang'oe mabomba yake ni katibu wa jumuiya, na huyo ni jirani yake, labda ni shemeji yake. Kazi hiyo hatumwonei wivu.

Wasukuma wana dasturi yao ya ngitili, yaani malisho yanayofungwa wakati wa mvua na kufunguliwa kiangazi. Mradi wa HASHI, ulioanza Shinyanga mwaka 1986, uliifufua badala ya kuleta amri mpya, na watu waliipokea. Tungekuwa sisi, zamu za maji tungezianzia hapo.

Kwetu Visiwani maji si jambo la Muungano, kwa hiyo sheria hizo hazitufikii. Mwanachama mwenye kijito kinachopita mashamba ya watu wengi, akiona haja ya kupatana na majirani zake, alete khabari kwa Katibu kabla ya mkutano ujao, zipate kutiwa katika ajenda.