Limiti ya Mkopo wa Simu Haihami na Namba Yako

Swali ni lile lile, na safari hii limetoka kata ya Nsemulwa, Manispaa ya Mpanda. Mnunuzi wa mahindi na karanga amekopa kwa simu kwenye mtandao mmoja kwa miaka, hajachelewesha marejesho hata mara moja, na limiti yake imepanda kidogo kidogo hadi ikafika mahali pa kumsaidia wakati wa msimu. Sasa amehamia mtandao mwingine kwa sababu ndio unaoshika vizuri vijijini anakofuata mazao. Huko amepewa limiti ya mtu aliyesajili laini jana. Anauliza: mbona hawaniheshimu kwa daraja nililokwisha kulipata kwa wenzao?

Jibu ni fupi. Limiti si daraja, wala si zawadi ya uaminifu. Ni kiasi ambacho mkopeshaji mmoja, kwa kutazama taarifa alizo nazo yeye, yuko radhi kukihatarisha kwako. Taarifa hizo mshindani wake hana. Tangu Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) iruhusu kuhama mtandao bila kubadili namba, tarehe 1 Machi 2017, kinachohama ni namba tu. Akaunti ya pesa, historia ya miamala na deni, kama lipo, vinabaki ulikotoka. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2016 wateja wa mitandao mikubwa nchini wanatumiana pesa moja kwa moja. Lakini pesa kuvuka ni jambo moja, na imani ya mkopeshaji kuvuka ni jambo jingine kabisa.

Wapo wanaonijibu kwamba ng'ambo kampuni hulinganisha daraja la mteja na alilolipata kwa washindani wao. Hilo nalijua. Kampuni ya meli za kitalii ya MSC Cruises, kwa mfano, humpa abiria daraja linalokaribiana na alilolipata kwa kampuni nyingine. Tazama basi anachopewa: punguzo la nauli, huduma ya kupanda melini mapema, vijizawadi. Abiria huyo asiporudi tena, kampuni imepoteza kidogo sana. Anayekulinganishia limiti ya shilingi 500,000 anatoa fedha taslimu, na nyuma ya huduma hizi huwa kuna benki inayotunza akiba za watu. M-Pawa ya mwaka 2014, mojawapo ya huduma za mwanzo za aina hii nchini, ilikuwa ya Vodacom pamoja na Benki ya CBA. Benki haiwezi kutoa fedha za wenye akiba kwa sababu tu mteja amesema kule alikotoka alikuwa mtu mkubwa. Kwa hiyo, je, washindani walazimishwe kulinganisha limiti? Hapana.

Sasa nifike kwenye jambo linalonichosha. Kila ninapotoa jibu hili, mtu wa pili hudakia kwamba dawa ipo: zungusha hela. Ushauri huu umeenea kwenye vibanda vya mawakala, kwenye vijiwe vya bodaboda na kwenye vikundi vya WhatsApp, na unatolewa kwa uhakika kana kwamba umeandikwa kwenye sheria. Chukua shilingi 200,000, weka kwa wakala, tuma kwenye laini yako ya pili, toa, weka tena, rudia kutwa. Mfumo "utadhani" wewe ni mfanyabiashara mkubwa na utakupandishia limiti.

Huu ni uongo, na unawagharimu watu fedha zao.

Fuata hela yenyewe hatua kwa hatua. Imeingia saa tatu asubuhi. Saa tatu na dakika tano imetumwa kwa namba nyingine iliyosajiliwa kwa jina lile lile. Saa tatu na robo imetolewa, salio limebaki shilingi mia chache. Mchana inarudi, kiasi kile kile, kwa wakala yule yule. Anayesoma mwenendo huu haoni biashara. Anaona mtu mmoja mwenye shilingi 200,000 anayejitumia mwenyewe, na kila mzunguko fedha hiyo inapungua kwa makato ya kutuma na ya kutoa. Mkopeshaji ana swali moja tu: siku deni likiiva, fedha ya kulilipa itatoka wapi? Fedha inayokaa dakika kumi haijibu swali hilo.

Linalojibu ni mwenendo wa mtu halisi. Laini imekaa muda gani mikononi mwake? Anapokea malipo kutoka kwa watu mbalimbali, au kutoka kwake mwenyewe? Pesa ikiingia inalala, au inatoka yote siku hiyo hiyo? Analipia umeme, anaweka vocha, ananunua kwa lipa namba? Alipokopa kiasi kidogo, alikirudisha kwa wakati? Mambo haya yanahitaji miezi. Hayatengenezwi kwa alasiri moja pembeni ya soko.

Na kuna hatari ambayo washauri wa kijiweni hawaitaji. Watoa huduma za fedha wanatakiwa kisheria kufuatilia miamala isiyo ya kawaida, kwa ajili ya kuzuia utakatishaji wa fedha haramu. Fedha inayozunguka kati ya namba zilezile bila sababu inayoonekana ni mfano mzuri wa muamala usio wa kawaida. Unaweza kutafuta limiti ukaishia kuulizwa maswali kuhusu akaunti yako.

Mbaya zaidi ni yule anayejiita mtaalamu wa kupandisha limiti, anayetaka ada pamoja na namba yako ya siri. Hakuna mtu wa nje anayeweza kupandisha limiti ya mtu. Ukimpa namba ya siri umempa mkoba. Ujumbe wa namna hiyo ukikufikia, utume kwenye namba 15040 ya kuripoti matapeli wa mitandao, kisha piga *106# uhakiki laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.

Kuna kitu kimoja ambacho mshindani anapaswa kukiheshimu, na hapo namuunga mkono muulizaji wa Nsemulwa kwa moyo wote: rekodi ya marejesho. Benki Kuu imetoa leseni kwa taasisi za taarifa za wakopaji, Creditinfo na Dun & Bradstreet, na benki zinawajibika kupeleka taarifa za mikopo kwenye kanzidata. Rekodi hiyo inafuata utambulisho wako, wala haijali unatumia laini ipi. Ndiyo maana kutupa laini yenye deni ni kujidanganya, na ndiyo maana miaka ya kulipa vizuri haipaswi kuhesabiwa kuwa si kitu. Mkopeshaji anayemwanzisha kila mgeni kwenye sifuri bila kuisoma rekodi hiyo anafanya kazi yake nusu.

Ya kufanya, basi. Kabla ya kuhama, maliza deni na toa salio. Ukiweza, badala ya kuhamisha namba, iache laini ya zamani hai kwa ajili ya mkopo na utumie mpya kwa mawasiliano. Omba taarifa ya miamala ya miezi sita au mwaka kutoka mtandao wako wa zamani uipeleke benki au SACCOS. Afisa mikopo anaweza kuisoma hata kama mfumo wa simu hauwezi. Omba pia taarifa yako ya mikopo, na ukikuta kosa dai lirekebishwe. Ukihama kabisa, kwenye laini mpya pokea malipo ya wateja wako wote, kopa kidogo, lipa kabla ya siku. Kama uko kwenye kikundi cha wanawake, vijana au watu wenye ulemavu, nenda ofisi ya kata umwone afisa maendeleo ya jamii: halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na hapo hakuna anayeuliza limiti ya simu. Usikimbilie mikopo ya riba kubwa ya kausha damu. Programu za mikopo za simu nazo zikague kwanza. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali.

Anayekwambia ukazungushe hela, mwombe akuonyeshe limiti yake ilivyopanda kwa njia hiyo, na jumla ya makato aliyolipa. Kisha rudi kwenye biashara yako, pokea malipo yako kwa laini moja, na lipa madeni kwa wakati. Limiti itafuata, na isipofuata, rekodi yako itakufungulia mlango wa mkopeshaji mwingine.